Sedari ya Dirishani

Nyumba za siku hizi hazina kuta. Sisemi hivi kwa kulalamika, ingawa kulalamika nako nimekuzoea. Nasema kwa sababu riziki yangu iko ukutani. Mimi ni fundi wa sebule, naitwa Buazza, duka langu limo ndani ya mji mkongwe wa Sale, na kwa miaka thelathini na minane nimeshona magodoro ya sedari. Sedari ni yale mabenchi marefu ya mbao tunayoyapanga kuizunguka sebule, migongo ukutani, ili watu wakikaa watazamane usoni. Ukuta ukiondoka, sedari nayo inakosa pa kuegemea, na fundi anabaki kukuna kichwa.

Kwa hiyo Adnani aliponiita nikapime fleti yake mpya nje ya mji, nilikuwa nimechoka kabla sijafika. Nilipanda ghorofa ya nne kwa miguu, maana lifti bado ilikuwa imefungwa karatasi za kiwandani. Magoti yangu yalinitukana kila ngazi. Nilipoingia ndani nikakuta uwanja: vigae vyeupe kutoka mlangoni mpaka dirishani, na jiko limo humohumo, limetengwa na kaunta inayonifika kiunoni.

"Ukuta uko wapi?" nikauliza.

"Ukuta wa nini, fundi?" akasema Adnani. Ni kijana wa miaka arobaini kasoro, mpole, shati limenyooshwa.

"Wa kuficha jiko."

"Hakuna. Ndivyo ilivyojengwa. Kila kitu wazi."

"Naona. Naona mpaka sufuria."

Mkewe, Ghizlani, akacheka. Alikuwa ameketi juu ya kaunta, miguu inaning'inia, karatasi mkononi. "Ndio mtindo, fundi wangu. Mtu anapika huku anazungumza na wageni."

"Na mgeni anahesabu vitunguu ulivyotia."

"Ahesabu! Akiona vichache, kesho aje na vyake."

Nilipima. Ukuta mrefu, mita nne na ishirini. Ukuta wa dirisha, mita mbili na kumi. Baada ya hapo, hewa tupu. Ghizlani alitaka sedari mbili kwenye ukuta mrefu, ya tatu ikae katikati ya uwanja, imelipa jiko mgongo. Nikamwambia hilo haliwezekani. Atakayekuwa anapika atatazama visogo vya watu, na kumpa mgongo mtu anayekupikia chakula ni utovu wa adabu, hata kama ni mtindo. Tukabishana. Adnani alikuwa anazungukazunguka tu, mara kwenye dirisha, mara kwenye swichi za taa.

"Basi ya tatu iende dirishani," akasema Ghizlani mwishowe. "Zikae pembe moja, meza ya duara katikati, zulia chini ya meza lisifike ukutani. Televisheni upande wa pili. Halafu hapa kwenye mpaka wa jiko, rafu nyembamba yenye maua. Mgeni atahisi kuna ukuta na hakuna ukuta."

Lazima niseme kweli: yule mwanamke ana jicho. Nimepanga sebule za matajiri ambao hawakuliona hilo la rafu. Lakini sikumsifu, kwa sababu papo hapo alikunjua karatasi yake akaanza kusoma.

"Sedari tatu. Ya kwanza, mita moja na nusu. Ya pili, mita moja na nusu. Ya tatu, mita moja na nusu. Kila moja iwe na mikono ya mbao, huku na huku."

Nikangoja. Akakunja karatasi.

"Na ya mgeni?" nikauliza.

Hapa kwetu swali hilo halina haja ya maelezo. Katika kila sebule lazima iwepo angalau sedari moja ya mita moja na tisini, isiyo na mikono, ili akija mtu wa kulala apate pa kunyoosha miguu. Nimewahi kumshonea bahili mmoja aliyekuwa akifunga sukari kwa ufunguo, na hata yeye aliagiza ya mgeni. Mita moja na nusu yenye mikono ni benchi la kusubiria daktari.

"Hakuna mgeni wa kulala," akasema Adnani kutoka kule alikokuwa. Alikuwa amechuchumaa anakagua vigae, kana kwamba ameangusha kitu.

Nikamtazama Ghizlani. Naye akamtazama mumewe kidogo, halafu akaanza kufuta vumbi kwenye kaunta. Moyoni nikasema, haya, huyu ndiye. Mke kashika karatasi, mume kashika kimya. Nimeziona ndoa za namna hiyo hata nimechoka kuzihesabu. Goti lilikuwa linaniuma, nikaandika moja na nusu mara tatu, nikateremka zangu.

Adnani alinifuata mpaka ngazini. "Sufu utaichukua kwa mama," akasema. "Hataki kusikia habari ya sponji."

Mama yake, Hajati Menana, anakaa vichochoro vitatu kutoka dukani kwangu. Ni mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu, na uzee haujampunguza hata kidole. Siku nilipokwenda nilimkuta juu ya paa. Alikuwa amefumua magodoro yake yote kwa mkono wake, ameosha sufu, ameianika, na sasa alikuwa ameketi katikati yake anaichambua.

"Umechelewa, Buazza," akasema. "Nimekusubiri tangu juzi."

"Magoti, Hajati."

"Magoti! Mimi yangu yana miaka sabini na moja na nimepanda ngazi zote hizi. Kaa, unisaidie."

Nikakaa nikachambua. Sufu ile ilikuja naye siku ya harusi, na kila kiangazi kwa miaka arobaini na sita ameiosha na kuipiga fimbo juu ya paa hilohilo. Sufu ya kutunzwa hivyo huipati tena. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, inanukia jua na sabuni. Nilijikuta nimetulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Nyumba tumeiuza," akasema. "Adnani amekwambia? Ndiyo hiyo iliyozaa fleti. Wenyewe wapya wanaingia baada ya Idi, na mimi nahamia kwa mwanangu."

"Aliniambia habari ya sufu tu."

"Yule mdomo wake mzito tangu utotoni. Sasa sikiliza. Vyumba ni viwili. Kimoja chao, kimoja cha watoto. Mimi nitalala sebuleni, ile sedari ya dirishani. Nilipachagua mwenyewe hata rangi haijapakwa, kwa ajili ya jua la asubuhi. Hiyo utie sufu nyingi kuliko zote, kwa mgongo wangu huu. Na usije ukanifanyia fupi! Unaniona nilivyo. Marehemu alikuwa ananiita mnara."

Mkono wangu ulisimama ndani ya sufu.

"Mbona umeacha kuchambua?" akauliza.

"Nahesabu mafungu, Hajati."

"Basi nimekwambia. Isiwe fupi."

"Haya," nikasema.

Nilijionea haya. Nilibeba sufu yake vichochoro vitatu, mafungu sita, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Adnani alikuja dukani siku mbili baadaye kuchagua kitambaa. Nilimwacha ashike hiki na kile, kisha nikamwambia, "Mama yako anajua kwamba atalala dirishani."

"Najua," akasema. Alikuwa ameshika kitambaa cha kijivu.

"Nawe umeniagiza moja na nusu. Na mikono."

"Fundi, mama atakwenda kwa Badia, dada yangu, Meknes. Kule kutamfaa. Kwetu hakuna ukuta, umeona mwenyewe. Mtu mzima atavulia wapi nguo? Wageni wakija usiku atakwenda wapi?"

"Maneno hayo ni mazuri. Umemwambia?"

Akageuza kitambaa upande wa pili. "Akiiona sebule ataelewa mwenyewe. Mama si mtu wa kuambiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilikasirika hata nikaliweka chini shazia, maana mtu mwenye hasira hafai kushika sindano ya urefu ule. Alitaka mama aingie, azione zile sedari fupi zenye mikono, apime kwa macho, aondoke kimya kimya. Alitaka godoro liseme yale aliyoshindwa kuyasema yeye. Na godoro lenyewe lijazwe sufu ya mama, na mimi ndiye wa kulishona.

"Mwambie kwa mdomo, Adnani. Mungu amekupa mdomo."

"Usiyakuze mambo, fundi. Wewe shona tu."

"Mkeo ndiye aliye..."

"Usimtaje Ghizlani," akasema kwa ukali ambao sikuutarajia. Nikadhani ni mume anayemstahi mkewe.

Nilishona ya kwanza, nikashona ya pili. Nilijiambia kwamba mimi ni fundi, si mjumbe wa nyumba kumi. Nina miaka sitini na mitatu, vidole vimeanza kufa ganzi, macho hayaoni tundu la sindano bila miwani miwili. Nani amenituma kuingia kati ya mtu na mama yake? Mwenye kuagiza ameagiza. Ndivyo nilivyosema wiki mbili nzima, nikala, nikalala, nikaamka nikiwa nimechoka vilevile.

Wiki ya tatu nilifungua fungu la mwisho, lile alilolitenga kwa mgongo wake. Nikainuka nikaenda kwa seremala wangu. "Ile ya dirishani," nikamwambia, "moja na tisini. Toa mikono."

"Si uliniandikia moja na nusu?"

"Nilikosea."

Ukuta una mita mbili na kumi, nafasi ipo. Adnani akiuliza nitasema nimekosea kipimo, uzee huo. Fundi akikosea kwa kupunguza atatukanwa, lakini akikosea kwa kuzidisha watu husamehe. Niliona nimeimaliza kesi. Jioni ile nilikula kwa hamu, na mke wangu akaniuliza kama nimepata mteja mpya.

Tulipeleka mzigo Jumamosi asubuhi. Lifti ilikuwa inafanya kazi, alhamdulillahi. Hajati Menana alikuwa ameshafika, amevaa jalabia yake ya kutokea, mkoba begani, anazunguka uwanja ule akigusa vitu. Watoto walikuwa shule. Ghizlani alisimama katikati na kutupanga kama askari wa barabarani: hii sogeza, hii rudisha, meza isikunje zulia, hapana, hapana, hapo. Rafu yake ya maua ilikuwa tayari mahali pake, na nilipokaa kidogo kwenye sedari ya kwanza kupumua, kweli, nilihisi kuna ukuta.

Ya dirishani tukaiweka mwisho. Jua lilikuwa linaipiga.

"Mbona hii ndefu?" akasema Ghizlani. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande. "Lakini imependeza! Imelijaza dirisha."

Hajati alivua viatu, akapanda, akajinyoosha chali na mkoba wake juu ya tumbo. Miguu ikafika mwisho na nafasi ikabaki. Akafumba macho, akacheka peke yake, kicheko kidogo cha msichana. Nilifurahi. Sioni aibu kusema.

Adnani akaingia amebeba mito. Aliiona sedari kabla hajamwona mama, kwa sababu ya mwanga.

"Fundi," akasema, "hiki sicho kipimo nilichoandika."

Mito ikamponyoka mikononi. Alikuwa amekwisha kumwona.

Hajati alifumbua macho. Hakuinuka. "Uliandika ngapi?" akauliza, akitazama dari.

"Mama, si hivyo..."

"Nimeuliza ngapi."

Adnani akanitazama mimi. Mimi nikaitazama tepu yangu. Aliyejibu ni Ghizlani. "Moja na nusu," akasema polepole. "Na mikono huku na huku. Zote tatu. Mimi nilimuuliza, mama. Nikamwambia, mama atalalaje? Akaniambia wewe mwenyewe umekataa sedari, kwamba umeagiza kitanda cha kukunja. Mimi nilisoma tu alivyoandika."

Nilitamani ardhi ifunguke niingie. Mwezi mzima nilikuwa namla nyama mwanamke huyu moyoni, kwa kuwa karatasi ilikuwa mkononi mwake na kwa kuwa ni mke wa mtu. Sikuwa hata nimeuliza mwandiko ni wa nani.

Hajati aliinuka akakaa. Amekulia kwenye sedari, amezaa juu ya sedari, hakuhitaji kuelezwa moja na nusu maana yake nini. Alivaa kiatu kimoja, akapumzika, akavaa cha pili.

Katika nyumba zetu za zamani jambo kama hili likitokea, kila mtu hupata mlango wa kuingia. Mama angekwenda chumbani, mwana angeshuka ngazi, fundi angejifanya ana kazi uani. Pale hapakuwa na mlango. Adnani alikimbilia jikoni na sote tukamwona. Alifungua friji akaifunga, tukamwona. Alifungulia bomba, akajaza bilauri, hakunywa, na hilo nalo tuliliona. Rafu ya maua haikumficha hata bega.

"Buazza," akasema Hajati. "Fumua."

"Nini, Hajati?"

"Magodoro. Yote matatu. Mbao ni zao, kitambaa ni chao. Sufu ni yangu."

"Hajati, ni kazi ya wiki tatu hiyo..."

"Najua kazi yake. Fumua."

Ghizlani alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, amemshika mikono. "Mama, utalala hapahapa. Nyumba ni yako hii. Asiyetaka aende yeye akalale kwenye lifti!"

"Wewe hujanikosea, mwanangu," akasema Hajati, akamshika shavu. "Lakini siwezi kulala mahali ambapo mtoto wangu aliomba nisitoshe."

Akatoa simu kwenye mkoba. Masikio yake si mazuri, hupaza sauti ya simu mpaka mwisho, kwa hiyo sote tulimsikia Badia kule Meknes, na watoto wake watano wakigombana nyuma yake.

"Badia, kuna nafasi kwako?"

"Nafasi ya nini, mama?"

"Yangu. Ya kukaa."

"Nafasi haipo," akasema Badia. "Mwanamke wewe, unajua nyumba yangu. Mtalala watatu kitanda kimoja, na Zineb anapiga mateke. Unakuja lini?"

"Leo."

"Basi njoo na mkate, huku umekwisha."

Nikavaa miwani yangu miwili, nikakaa chini kwenye vigae, nikaanza kukata mishono. Nimeshona maelfu ya magodoro, lakini sikuwahi kufumua langu mwenyewe siku nilipolileta. Uzi uliolala vizuri ni mgumu kuukata. Nilianza na ile ya dirishani kwa kuwa ndiyo iliyonichosha zaidi, na nilijilaani kila hatua: kama ningeshona ile fupi angeumia kidogo kidogo, kwa kujua bila kuambiwa. Mimi nilitaka kumtengenezea kitanda, nikamtengenezea baraza la hukumu. Ghizlani alikunja mikono ya nguo yake akakaa upande wangu, akawa anaitoa sufu kwa mikono. Hajati akashuka naye, akakaa na sisi. Sufu ilipanda, ikajaa juu ya zulia, ikafika mpaka wa jiko.

Adnani alikuwa bado amesimama nyuma ya kaunta na ile bilauri. Alikuwa analia, na hakuwa na pa kugeuzia uso.

"Adnani," akasema mama yake bila kumtazama. "Usinisimamie hapo. Lete magunia."

Akatafuta, akapata. Akaja nalo moja, akalinyoosha mbele yake kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa kuungua.

"Fungua mdomo wake vizuri."

Akapiga magoti kwenye vigae, akaushika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, na mama yake akaanza kujaza, konzi kwa konzi, akishindilia kwa ngumi ili iingie nyingi. Lilipojaa akamwambia alete jingine.